Shika Ndipo Useme

3 Januari

Mjukuu wangu, mchumba pekee niliyebakiwa naye,

Mimi babu yako nina miaka themanini na miwili. Nimewazika mameneja wanne wa kiwanda cha sabuni, boila mbili za chuma nilizoziona zikiteremshwa mpya, ndugu zangu wote watano, meno yote kasoro matatu, na mwaka jana bibi yako. Kwa hiyo mtu asije kunieleza mimi habari za uchovu.

Marahaba, salamu zako zimefika. Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika ila silipi nafasi. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu, anasema ukija likizo usiwe umekata nywele tena maana unafanana na mimi, nikamwambia basi huyo mtoto amepata bahati. Simu usipige. Simu naisikia kama nyuki ndani ya kopo, halafu nakujibu usiyoyauliza na wewe unalia bure. Andika. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini nafika.

Sasa neno lenyewe. Unasema chuo cha uuguzi kimekupa onyo la pili kwa kuchelewa wodini, na la tatu ni kufungasha. Unasema vyombo vimelala kwenye beseni siku nne, kitanda hujakitandika tangu uhamie, asubuhi mwili unakuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, na hujui utajitawala vipi. Umeuliza, Babu nifanyeje.

Umemuuliza mwenyewe. Mimi ufagio sikuwahi kuushika mpaka bibi yako alipofariki. Miaka hamsini na tisa mwanamke yule hakunionyesha hata chumvi inakaa wapi, nami sikuuliza. Wiki ya kwanza nilinywea chai kikombe kile kile mpaka kikaota ndevu. Nikajiambia, Mzee Mvuke, wewe uliyetawala tani kumi za maji yanayochemka, leo unatawaliwa na kikombe? Nikakiosha. Kesho yake nikakiosha tena. Sasa njoo uone nyumba hii. Sakafu unaweza kujiona meno, kama unayo.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza kitanda tu, kabla mguu haujafika mlangoni. Wiki ya pili ongeza kikombe, kabla hakijapoa. Wiki ya tatu sakafu. Usifanye yote kwa siku moja, utajisifu jioni na kesho utalala. Mwili ni kama boila, haiwashwi kwa pupa.

Na uwe na sheria. Kule kiwandani tulikuwa na sheria niliyoitunga mimi mwenyewe, hata meneja wa tatu aliiga: shika ndipo useme. Ukifunga koki ya mvuke unaweka mkono juu yake, unaona imekaza, ndipo unatamka kwa sauti, imefungwa. Mwenzako anajibu, nimesikia. Mkono kwanza, mdomo baadaye. Nami hapa nyumbani ndivyo. Jiko la gesi nashika, nasema limezimwa. Bomba nashika, nasema limefungwa. Wa kujibu hayupo, najijibu mwenyewe. Miaka thelathini na minane zamu yangu haikuunguza mtu. Muulize yeyote, ila wamekufa.

Jambo dogo. Sufuria moja imeungua na maharage yake. Si kosa langu, sufuria za siku hizi ni karatasi. Shangazi yako asilisikie hilo. Unamjua binti yangu yule, akisikia jambo moja tu atakuja kufunga nyumba anipeleke kwake, nikae kwenye kile chumba cha nyuma nikitazama ukuta na kuletewa chai kama mgonjwa. Miezi miwili haitanikuta hai. Yeye anakusikiliza wewe. Mwambie babu mzima.

Babu yako, Mzee Mvuke.


24 Januari

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti, mwenzangu wa chumba akaniuliza nani huyo anayejisifu hivyo, nikamwambia ni mchumba wangu, ana meno matatu. Mimi sijambo. Shangazi hajambo, Jumapili nilikwenda kwake, ameongezeka mwili na hasira. Anakusalimu.

Babu, siku ya kwanza nilitandika kitanda huku nalia. Sijui kilio kilitoka wapi. Shuka mbili na mto mmoja tu, na mimi nalia kama nimepewa jiwe nilibebe. Siku ya tatu sikulia. Siku ya saba nilipofika mlangoni nilirudi mwenyewe, mguu umeshatoka, kwa sababu nilikuwa nimeusahau mto. Nimeshika, nimesema, kimetandikwa. Mwenzangu akajibu nimesikia, akacheka mpaka akakohoa. Sijachelewa wodini siku tisa. Msimamizi wetu, mama mmoja anayetembea bila kutoa sauti, alinitazama akatazama saa, akapita.

Shangazi aliniuliza habari zako kama anahoji mwizi. Anakula? Anaoga? Jiko anazima? Nikamwambia Babu mzima kuliko sisi. Akasema, "Wewe ndiye macho yangu. Ukiniambia mzima, namwacha kwake. Ukininyamazia nitakuja mwenyewe." Kwa hiyo Babu, usinifiche. Mimi nimesimama katikati yenu.

Halafu nina swali. Umesema zamu yako haikuunguza mtu. Mbona babu mdogo, ndugu yako, alikuwa na ule mkono wa kulia uliokunjamana? Nilipokuwa mtoto nilimwuliza bibi akasema ni mvuke wa kiwandani, usimwulize babu yako. Ilikuwa zamu ya nani?

Mjukuu wako anayekupenda.


16 Februari

Mchumba,

Marahaba. Nimefurahi kitanda kimekujua. Mimi mzima kabisa. Goti limeacha maneno. Mvua imenyesha siku mbili, bati halijavuja, nililipiga misumari mwenyewe kabla hujazaliwa.

Umeuliza mambo mengi na karatasi ni fupi. La mkono wa babu mdogo ni la zamani.

Sasa nisikilize, na hili libaki kati yetu. Kuna mtu anaingia humu ndani.

Usishtuke. Nami sikushtuka. Wiki ya juzi nilijaza ndoo ya kudekia, nikafunga bomba, nikasema limefungwa, nimejisikia kwa masikio yangu haya. Nikaenda sebuleni kuondoa viti. Kugeuka, maji yananifuata. Yamevuka kizingiti, yamefika kwenye zulia la bibi yako. Bomba liko wazi mpaka mwisho. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta nyuma ya kabati na rungu mkononi. Hakuna mtu. Mlango una kufuli. Ijumaa akarudi. Nimepika, nimekula, nimeosha sahani, jiko nimesema limezimwa, nikatoka barazani kuanika taulo. Fundi cherehani akaja mbio na sindano mdomoni.

"Mzee, kwako kunanuka!"

"Inanuka pua yako."

"Mzee mimi sitanii, ukuta wetu ni mmoja na kwangu kuna vitambaa mpaka darini. Fungua!"

Tukaingia. Moto wa jiko uko juu, juu yake sufuria tupu imekuwa nyekundu kitako. Sufuria ile niliiosha, mchumba. Niliiosha nikaifudikiza. Huyo mtu aliitoa kwenye kichanja akaiweka kwenye moto.

"Nani amewasha?" nikamwuliza.

Fundi akanitazama. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema taratibu, "Labda umesahau."

Nikamwambia mimi nimelinda boila miaka thelathini na minane, sisahau moto, na kama amekuja kunitukana atoke na sindano zake. Akatoka. Baadaye akaleta sufuria yake moja, akaiweka mlangoni, akaenda zake. Nimeichukua, lakini bado namkasirikia.

Nimenunua kufuli jipya, la shaba, zito kama kichwa cha mbuzi. Sasa tuone ataingilia wapi.

Shangazi yako usimwambie. Atasema babu anaona mashetani. Mimi mashetani siyaamini. Huyu ni mtu. Haibi kitu. Ananifuata nyuma na kubomoa ninayoyajenga.

Babu yako, mzima.


8 Machi

Babu,

Shikamoo. Hapa wote salama. Mwenzangu wa chumba ameanza naye kutandika, tunashindana. Wiki hii nimeongeza choo, siku ya Jumamosi, na sitaki kueleza zaidi. Msimamizi amesema mbele ya wenzangu kwamba maonyo yangu yamefutwa. Nilitaka nikurukie nikubebe.

Lakini Babu, barua yako nimekaa nayo siku nne ndipo nimeweza kujibu. Huyo mtu haibi, havunji, hana sauti. Anafungua bomba na kuwasha jiko. Mwizi gani huyo? Mimi sisemi neno. Nakuomba tu ufanye kitu kimoja. Chukua chaki, chora ukutani jikoni safu nne: jiko, bomba, mlango, taa. Ukishashika, ukishasema, ndipo uweke alama. Wodini nasi tunafanya hivyo kwa dawa za wagonjwa, hata madaktari, si aibu. Jioni utatazama ukuta, utajua mkono wako ulifika wapi.

Na umsamehe fundi cherehani. Mtu anayeacha sufuria mlangoni si adui.

Shangazi ameuliza tena. Nimemwambia mzima. Niliposema hivyo nilikuwa natazama sakafu.

Hukunijibu la babu mdogo.

Mjukuu wako.


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi babu yako nina miaka themanini na miwili na bado nadeki nyumba nzima bila kupumzika. Goti zima. Bati halijavuja.

Chaki nimenunua. Ni jambo zuri, ila mimi nimeliboresha. Wewe unasema uweke alama moja moja, hiyo ni kupoteza muda kwenda na kurudi ukutani. Mimi asubuhi nikiamka naweka alama zote za siku nzima, jiko mara tatu, bomba mara tano, mlango, taa, halafu nafanya kazi nikiwa najua nimeshamaliza. Ukuta wangu haujakosa alama hata siku moja. Hata fundi cherehani alistaajabu, alisimama pale mbele akazihesabu zote.

Lakini yule mtu hajali chaki. Jumanne jiko. Jumatano jiko. Alhamisi nilikuta taulo limewekwa kando ya moto, kidole kimoja tu kutoka kwenye moto wenyewe, limeanza kuwa kahawia. Nimemsikia pia. Nikiwa nafagia chumbani nilimsikia jikoni anasema, limezimwa. Sauti ya mzee. Nikasimama na ufagio, moyo unapiga kama pampu mbovu. Nikaita nani wewe. Nikakaa kitandani mpaka jua likafika dirishani upande wa pili.

Sasa sitoki. Nalinda. Nimenunua kufuli jipya, la shaba, zito kama kichwa cha mbuzi. Sasa tuone ataingilia wapi.

Nakutakia kazi njema.

Babu yako.


17 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Sina habari nyingi za huku, wote wazima.

Babu, habari ya kufuli la shaba uliniandikia mwezi wa pili. Maneno yale yale, hata kichwa cha mbuzi. Sikuandiki hivi kukuaibisha. Naandika kwa sababu nimeogopa, na ningekuwa karibu ningekuja kukushika mkono tu bila kusema. Chuo hakiniachii mpaka mwisho wa Juni, na safari ni siku mbili.

Alama ya chaki ikiwekwa kabla ya kazi haisemi kitu. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo.

Niambie ukweli mmoja tu. Huyo uliyemsikia jikoni, sauti yake inafanana na ya nani? Ukishaniambia nitajua la kumwambia shangazi. Nikimwambia unaumwa, atafunga nyumba, najua nyumba hiyo ndiyo pumzi yako. Nikimwambia mzima, na moto ukawaka… Siwezi kuandika mwisho wa sentensi hiyo.

Jibu upesi.

Mjukuu wako.


20 Mei

Babu,

Mwezi mzima hujajibu. Nilimpigia mtu wa duka la pembeni, akasema amekuona barazani umekaa na ufagio magotini. Nikashukuru kwamba upo.

Huku naamka kabla ya kengele. Kitanda, kikombe, sakafu. Msimamizi amenipa ufunguo wa kabati la dawa, mwanafunzi wa kwanza kupewa. Kila ninapolifunga nashika, nasema. Jana nililifunga, nikashika, nikasema, halafu mikono ikaniganda pale pale. Nilikumbuka kwamba miezi minne namwambia shangazi babu mzima, babu mzima, na sijakuona kwa macho, sijakugusa. Babu, nimekuwa nasema bila kushika.

Nitamwambia ninachokijua mwisho wa mwezi huu, Jumapili ya mwisho. Nisamehe. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Mjukuu wako.


11 Mei

Mjukuu wangu mpenzi,

Marahaba. Ninaandika haraka kabla sijapoteza mpangilio. Barua yako ya Aprili ninayo hapa mbele yangu. Habari za nyumbani utazisoma hapa chini, ni habari moja tu.

Jana niliamua kumkamata. Nilinunua unga wa ngano paketi mbili. Nikazima jiko, nikasema. Nikamwaga unga sakafuni jikoni, mwembamba, sawasawa, kuanzia ukutani mpaka kizingitini, narudi kinyumenyume kama mtu anayepaka rangi. Hata paka angeacha alama. Nikatoka, nikafunga, nikaenda kukaa kwa fundi cherehani mchana kweupe. Nilimwambia leo utaona. Akashona, mimi nikamsimulia habari za meneja wa pili na boila ya kwanza. Nilitoka mara moja tu kwenda kujisaidia, nikarudi nikaendelea pale pale nilipoishia.

Baada ya muda akaacha pedali. "Mzee, kunanuka."

Tukaenda. Kufuli limefungwa vizuri. Nikafungua kwa ufunguo wangu uliokuwa shingoni. Jiko linawaka, moto wa buluu, juu yake hakuna sufuria, ni vumbi la unga tu linaungua. Na kwenye unga kuna nyayo, kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko na kurudi. Nikafurahi! Nikapiga kelele, "Umeona? Umeona sasa? Nani mwongo?"

Fundi aliinama, akatazama sana. Kisha akatazama miguu yangu.

"Mzee," akasema, "hizi ndala si zako?"

"Ndala zinafanana."

"Ya kushoto inaburuta."

Nikatazama. Ya kushoto inaburuta, mchumba. Inaacha mkia kwenye unga kila hatua, upande wa goti lile. Nikanyanyua mguu wangu, chini ya ndala mna unga. Hadi vidoleni.

Nilikaa kwenye unga. Fundi akazima jiko, akakaa nami. Nilimuuliza kama nilikwenda kujisaidia kwa muda mrefu. Akasema, muda wa kuchemsha chai.

Umeuliza sauti ile ilifanana na ya nani. Ni yangu. Nimesikia mdomo wangu ukisema limezimwa, na mkono haukuwepo.

Nimeogopa. Neno hilo sijawahi kuliandika, naliangalia kama limeandikwa na mtu mwingine. Mwizi ningemfukuza. Huyu nimfukuzeje? Ana ufunguo wangu, ana ndala zangu, anajua chumvi inakaa wapi. Nikilala halali. Nikifagia anafagia pamoja nami.

Sasa nikujibu la babu mdogo, kabla huyu mtu hajaniibia na hilo. Ilikuwa zamu yangu. Mimi na ndugu yangu wawili tu. Boila ilikuwa imeota magamba ndani, yeye aingize mkono kwenye tundu ayakwangue, mimi nifunge koki ya mvuke. Nilikuwa nasimulia jinsi nilivyomshinda meneja kwenye karata. Nilikuwa napenda kusimulia. Koki iko hatua sita kutoka nilipokaa, na hadithi ilikuwa imefika patamu. Nikasema nikiwa nimekaa, imefungwa. Akajibu, nimesikia. Akaingiza mkono.

Meneja aliandika kwamba koki ilichakaa. Ndugu yangu alisoma karatasi ile, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Miaka ishirini na moja alikula kwa kushoto mbele yangu, harusini, msibani, hakuwahi kunitaja. Sheria ya shika ndipo useme niliitunga wiki ile, kisha nikajisifia nayo maisha yangu yote. Bibi yako alijua. Sasa wewe.

Ukuta wangu na wa fundi cherehani ni mmoja. Kwake vitambaa vimefika darini na mlango wa kutokea ni mmoja tu. Mimi nikifa kwa moto wangu sina malalamiko, nimekula chumvi nyingi. Lakini sitamwambia mtu mwingine tena imefungwa nikiwa nimekaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie shangazi yako aje anichukue. Aje mwenyewe, asitume mtu. Asije na hasira, nimeshajikaripia vya kutosha. Kile kichwa cha mtungi wa gesi, ambacho bila hicho jiko haliwaki, nimekifungua, nampelekea fundi nikimaliza barua hii, akae nacho. Nitakula mkate na ndizi mpaka binti yangu atakapofika. Nikifika kwake nitaomba kazi moja, kufagia. Ufagio hauwaki moto.

Naogopa kile chumba cha nyuma kuliko nilivyowahi kuogopa boila. Na bado aje.

Kama shangazi yako hasadiki, akadhani ni hadithi zangu zile zile, shahidi ninaye. Fundi cherehani alisimama mlangoni, aliona unga, aliona moto, aliona mguu wangu. Barua hii ataisoma yote, na nitamwomba aandike hapa chini kwa mkono wake mwenyewe kwamba sikuongeza wala sikupunguza.

Babu yako.


Mwanangu, mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Nashuhudia kwamba mzee hakuongeza wala hakupunguza, isipokuwa tarehe. Leo ni tarehe mbili Juni. Unga anaosema wa jana aliumwaga tarehe kumi Mei. Haniruhusu kuufagia. Asubuhi akiingia jikoni anaukuta upya, anaogopa upya, anakuja kunigongea.

Kichwa cha mtungi aliniletea mara mbili kabla ya leo, na kila mara alirudi kesho yake kukidai kwa ukali, nami nikampa kwa kuwa ni mzee wangu na aliniapisha nisimwandikie mtu. Leo nimekifungia kabatini kwangu na ufunguo simpi. Barua yako ya Mei nimeikuta haijafunguliwa.

Nilipokuwa namtafutia kalamu nimekuta kwenye droo ya vijiko barua nyingine tatu kama hii, ndani ya bahasha, zina anwani yako. Aliamini amezituma. Nimezitia humu pamoja. Zisome zote nne, na shangazi yako azisome. Maneno yanapishana hapa na pale, na katika moja meneja ni wa tatu badala ya wa pili. Lakini katika zote amesema mwenyewe aje achukuliwe. Hakuna hata moja aliyoomba abaki.